Asubuhi Nilizozipika

Nianze na aibu yangu, vijana, maana nikianza na sifa nitanogewa na nitasahau nilichokusudia kuwaambia.

Nilikuwa mpima hali ya hewa katika kituo kidogo nje ya Kibiti, kwenye uwanja wa shamba la mbegu. Nyinyi mnaoingia kazini leo mnakuta mitambo inajipima na kujiandika yenyewe, mtu anasoma kwenye kompyuta huku amekaa na chai yake. Zamani mtambo ulikuwa sisi wenyewe: macho, miguu na kalamu. Mpimaji asipokwenda kwenye vyombo, siku hiyo haikupimwa, na siku isiyopimwa haipimwi tena. Maneno haya niliambiwa wiki yangu ya kwanza kazini, nikaitikia "ndiyo". Kuyaelewa kulinichukua miaka.

Aliyeniambia ni Mzee Athumani, mkuu wa kituo. Kituo chenyewe kilikuwa na watu wawili, kwa hiyo alikuwa mkuu wangu mimi tu. Alikuwa mtu wa Ngorongo, huko bondeni Rufiji, mwembamba, msafi wa kupitiliza, kofia yake haina doa. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kile kisanduku cheupe chenye miguu minne, akafungua kilango, akaniambia nisome kipimajoto. Nikasogea, nikainama, nikakikodolea macho.

"Ishirini na saba," nikasema.

"Na nukta?"

Nikasogea zaidi. "Nukta sita. Hapana, nukta nane."

"Ilikuwa nukta nne ulipofika," akasema. "Hizo nyingine umezileta wewe. Pumzi yako ni jiko, mwanangu. Soma nukta kwanza, upesi, ndipo usome namba nzima. Namba nzima haikimbii."

Lishikeni hilo hata kama mna mitambo. Kuna siku umeme utakatika na mtatumwa uwanjani na kipimajoto cha kioo. Nukta kwanza. Jicho liwe sawa na usawa wa zebaki, usiangalie kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima. Na kivuli chako kisiguse chombo.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Tulikuwa na tufe la kioo, zito, kubwa kama chungwa la Muhoro, la kupimia saa za jua. Jua likipita kwenye lile tufe linakusanyika kuwa ncha kali, linachoma mstari kwenye kadi iliyo nyuma yake. Wingu likifunika, mstari unakatika. Jioni unatoa kadi, unajua jua limewaka saa ngapi. Siku moja Mzee aliniambia nilitoe tufe ofisini nilirudishe mahali pake baada ya kulisafisha. Nikalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, saa saba mchana, nikakatiza uwanja. Nilipofika katikati nikasikia harufu ya nguo inayoungua. Nilikuwa natoka moshi mie. Mlinzi wa shamba alicheka mpaka akakaa chini, na shati lile lenye tundu niliendelea kulivaa kwa sababu sikuwa na jingine.

Mzee Athumani hakucheka. Alisema tu, "Sasa umejua kwamba jua halina mzaha."

Nilipokuwa nimekaa kituoni kama miaka miwili ndipo kikaletwa chombo kipya, ambacho ndicho kisa changu. Kilikuwa na sahani mbili ndogo nyeusi zilizogeuziana migongo, moja ikitazama mbingu, nyingine ikitazama ardhi, kila moja na kifuniko cha plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Waya ulitoka hapo ukaingia ofisini kwenye kisanduku chenye mshale. Waliokileta walitueleza kwa muda mrefu, kwa Kiingereza cha vitabuni. Mimi niliitikia kwa kichwa mwanzo hadi mwisho na sikuambulia kitu. Walipoondoka Mzee akaniuliza nimeelewa nini. Nikainama kuutazama ule waya.

Akachukua debe la mafuta ya kula, akalitoboa tundu moja karibu na kitako kwa msumari, akaliweka chini ya bomba la shamba. Akafungua maji kidogo.

"Litajaa au halitajaa?"

"Litajaa, Mzee. Kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka."

"Haya, tukae tuone."

Tukakaa. Maji yakapanda, na kadiri yalivyopanda ndivyo yale yanayotoka tunduni yalivyoruka kwa nguvu zaidi. Yalipofika nusu ya debe yakasimama. Bomba linatiririka, tundu linaruka, na maji ndani hayapandi wala hayashuki.

"Bomba ni jua," akasema. "Debe ni dunia. Tundu ni joto ambalo dunia inalirudisha mbinguni, usiku na mchana, wewe huna macho ya kuliona. Kitu kikizidi kupata moto kinazidi kutoa moto. Ndiyo maana hatuungui, ingawa jua linatupiga kila siku tangu Mungu aliumbe. Dunia inapanda joto mpaka inachotoa kilingane na inachopewa. Hapo inatulia."

Kisha akaweka kidole kwenye tundu, akaliziba nusu. Maji yakaanza kupanda tena, yakasimama juu zaidi.

"Hiki kidole ni hewa, mvuke na mawingu. Yanazuia kidogo. Pasingekuwa na kidole, dunia nzima ingekuwa barafu. Zuhura yeye amezibwa tundu karibu lote. Mawingu yake meupe yanarudisha sehemu kubwa ya jua, lakini hilo kidogo linaloingia halipati pa kutokea, kwa hiyo kule hata madini ya risasi yanayeyuka. Mirihi yuko mbali na bomba, na kidole chake chepesi, basi ni baridi. Sayari zote zinafuata sheria hiyo hiyo moja. Tofauti ni bomba, rangi ya debe na kidole."

Nikamuuliza sasa sisi na sahani zetu mbili tunafanya nini.

"Tunakaa kwenye tundu, tunahesabu. Sahani ya juu inapokea kinachoshuka, ya chini inapokea kinachopanda, mshale unatuonyesha tofauti. Mchana tunapata, alfajiri tunapoteza. Kibiti peke yake hakulingani, maana joto jingine linabebwa na mvuke na upepo kwenda kwa watu wengine. Ila huwezi kuijua hesabu ya dunia nzima kama hujui ya kila mahali peke yake. Na katika bonde hili lote, mpaka kwenye mikoko huko, hakuna chombo kingine cha namna hii. Ni mimi na wewe, mwanangu."

Tulisoma mshale mara tatu: kabla ya jua kuchomoza, saa saba mchana, na jua likishazama. Usomaji wa alfajiri ndio aliokuwa akiupenda. Alinifundisha kutabiri mshale kabla ya kuuangalia. Kama mbingu zimetakata na nyota zinaonekana, ardhi imepoteza sana, mshale utakuwa umelala upande wa hasara, na kile kipimajoto tulichokilaza majanini kitasoma chini ya kile cha kwenye kisanduku cheupe kwa nyuzi mbili au tatu. Kama kuna wingu zito, wingu linairudishia ardhi joto lake, mshale unakaribia sifuri na majani na kisanduku vinasoma karibu sawa. Baada ya miezi nikawa naweza kutoka nje, nikaangalia juu, nikasema mshale uko wapi, na nikapatia. Nilijivunia sana. Sikujua kwamba ujuzi ule ule ndio utakaonipoteza.

Miaka ile nchi ilikuwa imefunguliwa kwa biashara. Waliokuwepo wanakumbuka. Tulitoka kwenye foleni za sabuni, ghafla maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa barabarani, kila mtu akawa mfanyabiashara. Karani aliuza maandazi, mwalimu aliuza mafuta ya taa, bwana shamba wetu akanunua mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilikuwa na mke, Mwanahawa, na watoto wawili, na mshahara uliokuwa ukiisha mapema kuliko mwezi. Nikaona wenzangu wanakwenda Nyamisati, huko pwani, kuchukua kamba waliokaushwa na kuja kuwauza Kibiti sokoni. Nami nikaanza kwenda. Mwanzoni nilikwenda siku zangu za mapumziko. Hapo sikumkosea mtu.

Kisha Mzee Athumani akaanza kuumwa kifua. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini. Alikuwa akienda hospitali anakaa wiki, mara nyingine mbili, ananiachia kituo. Safari moja nilikwenda Nyamisati siku ya Alhamisi nikitegemea kurudi jioni ile ile. Lori likanasa kwenye tope, tukalala njiani, kesho yake likaharibika. Nilifika kituoni Jumamosi mchana. Nikafungua kitabu: mistari sita mitupu.

Nilikaa nikaitazama ile mistari. Naikumbuka hata rangi ya wino. Nikawaza, joto la juzi na la leo lina tofauti gani? Nani atakayejua? Nikachukua kitabu cha mwaka uliopita, nikatafuta tarehe zile zile, nikanakili, nikabadilisha nukta hapa na pale ili zisifanane. Hili ndilo ninalotaka mlisikie vizuri. Nilitarajia nitajisikia vibaya, na sikujisikia chochote. Nilijisikia njaa, nikaenda nyumbani kula.

Kadi za jua ndizo zilizonipa shida kidogo, kwa sababu kadi ni kitu, si namba. Nikawasha kijiti cha udi wa mke wangu, nikachoma mstari kwenye kadi mpya kwa ncha yake. Ukatokea mstari mzuri, nami nikajiona fundi.

Baada ya hapo ikawa tabia. Si kila siku. Wiki hii siku mbili, mwezi ule hakuna, mwezi unaofuata siku tano mfululizo. Mzee alistaafu katikati ya mambo hayo bila kujua. Siku ya kuondoka alipanga vitabu vyote mezani kwa miaka yake, akavifuta vumbi kimoja kimoja.

"Nakuachia hivi, mwanangu," akaniambia. "Hakuna aliyewahi kuja kuviuliza. Lakini atakuja. Mtu hapimi kwa ajili ya leo."

Akapanda gari la kwenda Ngorongo kulima mpunga wake. Nami nikabaki mkuu wa kituo, sina wa kuniuliza, na Nyamisati kunanoga.

Kitu kimoja tu sikukipika: mvua. Mvua ina mashahidi wengi. Kila mkulima anajua ilinyesha usiku gani na ilianza saa ngapi. Kwa hiyo nilipokuwa safarini nilimwomba mlinzi wa shamba apime mvua, naye aliipima kwa uaminifu na kuniandikia kwenye karatasi. Nikirudi naiingiza kitabuni kama alivyoiandika, kisha safu nyingine zote nazijaza mwenyewe. Joto la alfajiri lilikuwa na shahidi mmoja, naye alikuwa Nyamisati akinunua kamba.

Miaka miwili baada ya Mzee kuondoka, akaja mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtafiti kutoka chuo Dar es Salaam, akitembea na raba zilizojaa tope. Tulimwita Dokta Rehema. Alitaka kujua bonde la Rufiji linapokea joto kiasi gani, linarudisha kiasi gani, na kinachobaki kinakausha maji kiasi gani kwenye majaruba ya mpunga, ili wakulima wa Chumbi na kwingine waambiwe wakati wa kupanda na maji ya kutunza. Nilipomfungulia kabati akashika mdomo.

"Miaka mitano ya chombo cha sahani mbili," akasema. "Bwana Hamisi, mmeweka hazina hapa. Nimezunguka pwani yote sijaona kitu kama hiki."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikampa kiti changu. Nikamwambia Mwanahawa apike wali na kamba. Nikasimulia habari za debe na tundu kama vile nimezivumbua mimi.

Alifanya kazi siku mbili, akinakili kwenye madaftari yake makubwa. Siku ya tatu asubuhi alinikuta nasafisha vifuniko vya sahani, akaniomba niingie ndani. Alikuwa amefungua kitabu kwenye mwezi wa masika.

"Nisaidie hapa," akasema kwa upole. "Usiku huu umeandika mvua milimita arobaini. Imenyesha mpaka asubuhi?"

Nikaangalia. Ulikuwa mwandiko wangu, na namba ya mlinzi. "Mpaka asubuhi," nikasema. Niliukumbuka usiku ule. Nilikuwa chini ya turubai Nyamisati, na huko nako ilinyesha.

"Basi palikuwa na wingu zito."

"Bila shaka."

"Sasa alfajiri hiyo hiyo mshale wako umelala kwenye hasara, na majani ni baridi kuliko kisanduku kwa nyuzi tatu. Ardhi inapoteza joto kama hakuna wingu hata moja. Bwana Hamisi, hilo joto lilipita wapi?"

Akafunua ukurasa mwingine. Akafunua mwingine. Hakuwa akinikaripia. Nadhani angenikaripia ningejitetea. Alikuwa akiniuliza kama mtu anayetumaini kuna maelezo, labda waya ulikatika, labda maji yaliingia kwenye sahani. Na mimi niliyefundishwa kuangalia mbingu nikasema mshale uko wapi, nilinakili alfajiri zisizo na wingu nikaziweka kwenye usiku wa mvua wala sikugundua, kwa kuwa nilikuwa siangalii tena. Ningepika kwa akili labda nisingekamatwa. Mara nyingine huwaza hivyo, kisha naona aibu mara ya pili.

"Nimeziandika bila kupima," nikamwambia.

Akafunga kitabu taratibu. "Siku zipi?"

"Siku nilizosafiri."

"Chukua penseli. Zitie alama, nizitoe hizo, nibaki na nyingine."

Nikachukua penseli. Nikatia alama ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilipofika ya ishirini hivi nikashtuka kwamba sina hakika. Hii nilisafiri au niliumwa? Hii niliisoma kweli, au inafanana tu na kweli? Nikaona kwamba nimeanza kukisia, yaani napika upya, safari hii mbele ya macho yake. Nikaweka penseli chini.

"Sijui," nikasema.

Dokta Rehema akafunga na madaftari yake. "Basi siwezi kutumia hata moja," akasema. "Unanielewa? Si kwamba zote ni mbovu. Ni kwamba hakuna wa kunieleza zipi nzima." Akauliza chombo kilikuja lini, nikamwambia. Akauliza nilianza lini kuandika bila kupima. Nikamwambia ni kabla Mzee hajastaafu, alipokuwa hospitali. Akasema itabidi amwone huyo Mzee, huenda anakumbuka alfajiri zipi zilikuwa zamu yake.

Nikamwomba anipe siku moja nitangulie mimi.

Nilimkuta Mzee Athumani shambani kwake Ngorongo, amesimama kwenye mpunga maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, anang'oa magugu. Aliponiona akanyoosha mgongo, uso ukamkunjuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kituo hakijambo? Vitabu havijaliwa na mchwa?"

Nikamwambia amekuja mtu kuviuliza. Akacheka, kicheko kifupi cha furaha, akatoka kwenye maji, akakaa kwenye tuta. "Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia atakuja."

Hapo ndipo nilipomweleza. Sikuzunguka, maana ningezunguka nisingemaliza. Nilimweleza Nyamisati, mistari mitupu, kitabu cha mwaka uliopita, udi. Alinisikiliza huku akibandua tope kwenye kiganja, kipande kwa kipande.

"Nilipokuwa hospitali?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Siku ngapi?"

"Sijui."

"Hujui." Ndege walishuka kwenye mpunga wake na hakuwafukuza. Mwisho akasema, "Kwa nini hukuacha wazi? Nafasi tupu nayo ni taarifa. Inasema, siku hii hatukuwepo. Hiyo ni kweli. Nani alikuambia nafasi tupu ni kosa?"

Nikasema niliogopa kuonekana sipo kazini.

"Na kweli hukuwepo," akasema.

Tuliondoka wote kesho yake. Njia nzima, kutoka Ngorongo mpaka Kibiti, tulikaa juu ya lori la magunia. Kituoni alimsalimia Dokta Rehema kwa heshima, akaomba maji ya kunawa, akakaa mbele ya vitabu. Alianza na vile vya zamani, vya kabla sijaajiriwa, vya vipimajoto na mvua tu. Alivifungua kimoja kimoja, akisema: hiki ni changu, hiki ni changu, hapa niliacha wazi kwa sababu kipimajoto kilivunjika. Vikapokewa vyote.

Alipofika kwenye vitabu vya sahani mbili, mwandiko wake na wangu umechanganyika, aliweza kuapia alfajiri zake mwenyewe. Lakini zilikuwa vipande, siku tatu hapa, wiki pale, katikati yake zangu. Dokta Rehema akamweleza kwa heshima kwamba hesabu ya joto inahitaji msimu mzima uliounganika, vipande havitoshi. Mzee akasema anaelewa. Akavuta boksi la kadi za jua. Akatoa moja, akainyanyua dirishani ipate mwanga, akaigeuza. Jua likichoma, mstari unaanza mwembamba kama sindano asubuhi, unanenepa mchana, unakonda tena jioni. Ile kadi ilikuwa na mstari wa unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii si jua," akasema.

Akaiweka chini, akatoa nyingine, akaitazama, akaiweka upande mwingine. Alipanga mafungu mawili mpaka boksi likaisha. Lakini kadi inashuhudia mchana tu; alfajiri haina kadi ya kuisemea, kwa hiyo vitabu vile havikuokoka. Fungu langu halikuwa kubwa kuliko lile jingine. Lilikuwa dogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku nilizozipika zilikuwa chache kuliko nilizozipima, na zimekwenda na zote.

Alipomaliza alisimama, akavaa kofia yake. "Haya, bwana Hamisi," akasema, "nionyeshe gari la kurudi linapita saa ngapi." Alikuwa ameniita mwanangu tangu wiki yangu ya kwanza. Baada ya hapo hakuniita hivyo tena.

Wakubwa wangu waliniandikia barua kali, wakanibakiza kazini kwa sababu hapakuwa na wa kuja kukaa pale. Niliacha biashara ya kamba. Nilisoma mshale kila alfajiri, kweli kweli, hata nikiwa na homa, na nilipolazwa mara moja niliacha nafasi tupu nikaandika "sikuwepo". Lakini haukupita mwaka plastiki ya sahani ya juu ikapasuka kwa jua na midomo ya ndege, maji yakaingia, mshale ukafa. Mradi uliokileta ulikuwa umekwisha na kifuniko kipya hakikupatikana. Taarifa ya Dokta Rehema ilipotoka alinitumia nakala moja. Sehemu nyingine zilikuwa na vipimo vyao. Bonde letu lilikuwa na makadirio yaliyochukuliwa kwa nchi ya mbali yenye mto na mpunga kama wetu. Wakulima walishauriwa kwa makadirio hayo. Hayakuwa mabaya sana, nasikia. Ila hayakuwa yetu, na hakuna awezaye kurudi nyuma akapima alfajiri zile, bonde likiwa bado na misitu yake.

Nyinyi mtaambiwa satelaiti inaona yote. Inaona, ndiyo, kutoka juu. Nayo inahitaji mtu wa chini wa kuisahihisha, na mtu huyo akidanganya, amedanganya mpaka mbinguni.

Niliendelea kwenda Ngorongo kila nilipopata nafasi. Nilimpelekea Mzee sukari, nilimsaidia kuvuna, nilimpeleka hospitali kifua kiliporudi. Hakunifukuza hata mara moja. Tulikula sinia moja. Sikuwahi kumsikia akimsimulia mtu habari zangu.

Mara ya mwisho nilimkuta amelala chumbani, haoni vizuri, dirisha limefungwa kwa ajili ya upepo. Binti yake Mwajuma alikuwa akimpepea. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye nikamshika mkono. Tuliongea kidogo habari za mpunga. Kisha akauliza, "Nje kukoje?"

"Kuna mawingu, Mzee," nikamwambia. "Mazito, yamefunika kote."

Akageuza uso upande wa binti yake.

"Mwajuma," akasema, "hebu toka ukaangalie kama kuna mawingu."

Mwajuma akatoka. Tulisikia hatua zake uani, zikasimama, zikarudi.

"Yapo, baba. Yamefunika kote."

"Haya," akasema, na mkono wake ulikuwa bado kwenye mkono wangu.